Jinsi ya kuongoza timu ya mahudhurio kwenye kata, mpaka watoto warudi darasani

Kama umepewa kata, iwe wewe ni afisa elimu kata, mtendaji, afisa maendeleo ya jamii au afisa ustawi uliyetumwa kutoka halmashauri, utoro utaukuta mezani wiki ya kwanza tu. Utaukuta umeshaandikiwa ripoti, umeshajadiliwa kwenye vikao na umeshatolewa maagizo, ila watoto wenyewe bado wako machungani, mwaloni (ufukweni mitumbwi inakoshushia samaki) na machimboni. Nawaandikia wale wanaotaka kuongoza timu ndogo inayorudisha watoto darasani kweli, na mifano yangu mingi ni ya Kanda ya Ziwa hapa Tanzania kwa sababu huko ndiko ninakokujua vizuri.

Nianze na jambo moja ambalo nalisimamia. Mtoto aliyekosa shule siku tatu anarudi kwa maongezi tu, aliyekosa miezi mitatu kumrudisha ni shughuli nzito na wengi wao hawarudi tena. Kwa hiyo kazi ya kiongozi wa timu ni kufupisha muda, kuanzia siku jina la mtoto limeitwa darasani hakuitika, mpaka siku mtu mzima mwenye heshima amepiga hodi kwao. Mgambo, faini, mikutano ya hadhara, barua za wito, hayo yote yana nafasi yake lakini ni ya baadaye, na ukiyatanguliza utakuwa na kata yenye watu wanaokimbia wakiona pikipiki yako.

Chagua watu wachache wanaoijua kata

Watu wengi wakianzisha timu wanaita kila mwenye cheo, mwisho wa siku unakuta kikao kina watu ishirini na hakuna hata mmoja aliyeenda kwa mtoto yeyote. Weka mtendaji wa kata, afisa elimu kata, afisa maendeleo ya jamii, mwalimu mmoja kutoka kila shule (huyu awe yule wa malezi au ushauri nasaha, yaani yule ambaye watoto wenyewe wanamfuata wakiwa na shida, unaweza kumjua kwa kuwauliza watoto), mwenyekiti wa kamati ya shule, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Wenyeviti wa vitongoji waite kulingana na majina yaliyopo wiki hiyo, usiwaburuze kila wiki kwenye kikao kisichowahusu.

Huyo mhudumu wa afya watu wanamsahau sana na mimi nadhani ndiye mtu muhimu kuliko wote kwenye timu, kwa sababu yeye tayari anaingia majumbani, anajua nyumba gani kuna mgonjwa wa muda mrefu, wapi mama kajifungua juzi na binti wa darasa la tano ndiye anayebeba mtoto, wapi baba kaondoka. Taarifa ambayo mwalimu angeitafuta mwezi mzima yeye anayo asubuhi ya leo. Mwenyekiti wa kitongoji naye anajua nani kahama na nani anasema kahama.

Hakikisha kuna wanawake kwenye timu na wasiwe wa kuandika muhtasari tu. Kuna maongezi binti wa darasa la saba hatayafanya na mwanaume hata awe mpole vipi.

Sasa kuna suala la mamlaka, hili usilipuuze. Afisa elimu kata hana amri juu ya mtendaji, mtendaji hana amri juu ya mwalimu mkuu, na mhudumu wa afya anaripoti zahanati. Ukitaka kuongoza watu ambao wewe sio bosi wao unahitaji kitu kilichoandikwa, kwa hiyo peleka hoja kwenye kamati ya maendeleo ya kata, WDC, mahudhurio yawe ajenda ya kudumu na timu itambulike kwenye muhtasari. Mwenyekiti wa WDC ni diwani. Kaa naye mapema, mwonyeshe majina na idadi ya watoto kwa kila kitongoji, muombe ayasemee mahudhurio kwenye mikutano yake, na mwambie wazi kabisa kwamba kuna siku atapigiwa simu na mzazi anayelalamika na wewe utahitaji asimame upande wa mtoto. Ni bora mkubaliane kabla hiyo simu haijapigwa.

Rejista iangalie kwa macho yako

Asilimia ya mahudhurio inayopelekwa halmashauri kila mwezi inaficha mambo. Chukua darasa la watoto 60, mwezi wenye siku 20 za masomo, hapo jumla ya mahudhurio yanayotakiwa ni 1,200. Tuseme yamekuja 1,020, ni asilimia 85, mwalimu anaandika 85 na maisha yanaendelea. Ila zile siku 180 zilizokosekana zinaweza kuwa kila mtoto kakosa siku tatu, labda kulikuwa na mafua au mvua, na zinaweza pia kuwa watoto tisa hawajaonekana mwezi mzima. Asilimia ni ileile. Hali ya kwanza haihitaji timu yako, ya pili inahitaji mtu aondoke leo hiihii. Kwa hiyo usikubali kupokea asilimia bila majina.

Mwaka wa masomo una siku 194. Mtoto anayekosa siku moja kila wiki haonekani mtoro, mwalimu anamuona kila wiki tena anamjua kwa jina, lakini akifika mwisho wa mwaka kapoteza karibu siku 40, yaani mahudhurio yake yako kwenye asilimia 80 hivi, na hao ndio unaowakuta darasa la nne hawajui kusoma na kila mtu anashangaa. Mimi hawa nawaogopea kuliko hata wale walioacha kabisa, maana walioacha angalau wameandikwa mahali.

Halafu kuna tiki za Ijumaa jioni. Sehemu nyingine rejista inajazwa Ijumaa kwa wiki nzima, na mwalimu mwenye watoto 120 darasani simlaumu sana, kuita majina 120 kila asubuhi kunakula robo ya kipindi. Dawa yake ni kumrahisishia: gawa darasa kwenye makundi ya madawati, kila kundi lina kiongozi wake anayetaja nani hayupo, mwalimu anathibitisha kwa macho na anaandika wasiokuwepo tu, tiki atazijaza baadaye. Inachukua dakika chache. Na wewe mara mojamoja ukipita shuleni ingia darasa lolote, salimia, hesabu vichwa, linganisha na rejista ya siku ile. Usifanye hivyo ili kumkomoa mtu, zungumza na mwalimu pembeni, sio mbele ya watoto wala kwenye grupu la WhatsApp la walimu wakuu.

Ukishapata rejista za ukweli zisome wima na mlalo, zina mengi. Kata yenye mnada wa Jumatano utaona Jumatano ina mashimo kuanzia darasa la tatu kwenda juu, wavulana wengi kuliko wasichana, wameenda kuswaga ng'ombe au kubeba mizigo. Shule za karibu na mwalo utaona kitu ambacho kwa mgeni hakieleweki kabisa, wiki mbili mahudhurio mazuri halafu wiki mbili yanaporomoka, mwezi unaofuata hivyohivyo ila tarehe zimesogea. Huo ni mwezi wa angani. Dagaa wanavuliwa kwa taa kipindi cha giza, mitumbwi inarudi alfajiri, dagaa lazima waanikwe jua likitoka, na mikono midogo ndiyo inayoanika na kufukuza ndege. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika na watoto wanarudi darasani. Kama hujui kalenda ya mwezi utahangaika kutafuta shida kwa walimu wakati shida iko mchangani, na ukiijua unaweza kukaa na viongozi wa mwalo wiki moja kabla giza halijaingia, mkakubaliana kwamba mtoto mwenye sare asionekane kwenye vichanja kabla ya saa nane mchana. BMU, wale wa kusimamia rasilimali za uvuvi ufukweni, wana nguvu ya kulisimamia hilo kuliko timu yako.

Jambo lingine ni kulinganisha ndugu. Kuna nyumba moja kaka yuko darasa la sita na dada yake la nne, kila mmoja kwenye rejista yake anaonekana mtoro wa kawaidakawaida, siku mbili yupo siku moja hayupo. Tulipoweka rejista mbili mezani sambamba ikaonekana siku ambayo mmoja ana tiki mwingine hana, karibu wiki zote, wamegawana. Bibi yao alipooza upande mmoja, lazima mtu abaki kumgeuza na kumpa maji, watoto wenyewe walipanga zamu bila kumwambia mtu yeyote. Watoto wa miaka kumi na kumi na mbili! Hapo ukipeleka barua ya wito unampelekea nani? Ilichukua mhudumu wa afya na wanawake wawili wa jirani kupanga zamu ya watu wazima, na kanisa likachangia kiasi. Shule moja ikiandika watoro wake bila kuangalia nani ni ndugu wa nani, hilo halionekani kamwe.

Kikao cha wiki kiwe kifupi na kiwe cha majina

Kila wiki siku ileile, saa ileile, saa moja tu. Hakuna salamu za itifaki ndefu, hakuna kufungua kwa hotuba. Daftari moja kubwa, la karatasi, kwa sababu karatasi haiishiwi chaji. Safu zake ni jina la mtoto, darasa, kitongoji, siku alizokosa, nani ataenda, lini, na alichokikuta. Mnaanza na ya wiki iliyopita, aliyepewa jina anasema alienda au hakwenda, kama hakwenda anapangiwa siku au anapewa mtu mwingine, mnaendelea. Msitoke kikaoni na jina lisilo na mtu wa kwenda.

Kuhusu lini jina liingie kwenye daftari, sisi tunatumia hivi. Siku ya kwanza hakuja, mwalimu wa darasa anauliza wenzake wa kitongoji kimoja. Siku ya pili simu kwa mzazi kama ipo, ndiyo maana namba za wazazi zichukuliwe Januari na zihakikiwe tena Julai, namba zinabadilika mno. Siku ya tatu jina linakuja kwenye timu na mtu anaenda. Wale wa kukosa siku mojamoja kila wiki mwalimu anawaleta mwisho wa mwezi.

Kata yenye shule sita majina yanaweza kuwa mengi mkashindwa. Msijaribu yote, mtachoka wiki ya tatu na timu itakufa. Anzeni na darasa la kwanza, la tatu na la nne kwa msingi, na kidato cha kwanza kwa sekondari. Mtoto akijenga tabia ya kuja shule mwaka wa kwanza inambeba, na kidato cha kwanza ndipo shule inakuwa mbali ghafla, masomo yanakuwa ya Kiingereza ghafla, na wengi wanapotea kati ya Januari na Pasaka.

Tahadhari moja kuhusu grupu la WhatsApp. Ni zuri kwa kukumbushana vikao, ila majina ya watoto na shida zao yasiwekwe humo. Binti anayehisiwa ana mimba akitajwa kwenye grupu la watu 15 jioni ileile anajua mtaa mzima, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa hiyo ni kosa pia, ukiachilia mbali ukatili wenyewe.

Ukifika nyumbani kwao

Nenda na mtu mmoja, anayejulikana hapo kitongojini. Asubuhi sana au jioni, mchana hukuti mtu. Pikipiki iache mbali kidogo, tembea, piga hodi, ukipewa kigoda kaa. Ukisimama na daftari mkononi umeshakuwa serikali na utajibiwa kiserikali.

Swali la "kwa nini mtoto haji shule" usilianze nalo, linamuweka mzazi kizimbani na jibu lake ni "alikuwa anaumwa" siku zote. Uliza siku ilivyokwenda. Maongezi yanaweza kwenda hivi, huyu ni mhudumu wa afya wa kike na mama mwenye nyumba, wanasalimiana kwa Kisukuma, "mayu" ni mama:

"Hodi hapa. Mwangaluka mayu."

"Mwangaluka. Karibuni, karibuni mkae."

"Tumekaa mayu. Habari za mvua huku kwenu, mpunga umeshika?"

"Aah, umeshika kidogo, ndege wanatusumbua."

"Ndege mwaka huu wamezidi. Nani anawafukuza asubuhi?"

Mama ananyamaza, anaangalia chini. "Si huyu Masanja. Baba yake yuko Kahama, mimi nina huyu mchanga."

"Pole mayu. Kwa hiyo Masanja anaamkia shambani saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili. Akirudi saa nne anaona aibu kwenda, wanamchapa aliyechelewa."

Hapo bila hata kuuliza umepata mambo mawili, kazi ya shamba ya wiki chache ambayo inaweza kupangwa upya, na fimbo ya getini ambayo iko mikononi mwenu. Ukitoka hapo lazima kuwe na makubaliano yenye siku, "kesho kutwa atakuja, mwalimu fulani atamsubiri getini, hatachapwa, na nyie mtamuomba shemeji awafukuzie ndege mpaka saa nne". Rudini baada ya siku chache hata kama mtoto ameshaanza kuja, mkaseme asante tu. Hiyo safari ya asante inafanya kazi kubwa mno, mzazi anajua kumbe hawaji kwa ubaya tu.

Mtoto mwenyewe muulize pia, pembeni, akiwa na mtu anayemwamini. Usimuulize mbele ya baba.

Shule yenyewe nayo inafukuza

Hili linaudhi baadhi ya walimu wakuu lakini kiongozi wa timu asipolisema hakuna atakayelisema. Mtoto anayejua akichelewa dakika kumi atachapwa, anakaa kichakani mpaka saa za kutoka halafu anarudi nyumbani na wenzake, mzazi anajua katoka shule. Kanuni za adhabu ya viboko za 2002 zinasema viboko visizidi vinne na mamlaka ni ya mwalimu mkuu au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Mwalimu wa zamu anayesimama getini na fimbo anachapa mstari mzima yuko nje ya kanuni. Ombeni shule ijaribu muhula mmoja, aliyechelewa aingie darasani moja kwa moja, mazungumzo yafanyike mapumziko, halafu mlinganishe rejista. Msibishane, acheni rejista iseme.

Michango nayo. Tangu Januari 2016 hakuna ada shule ya msingi mpaka kidato cha nne, na 2022 ikaongezwa kidato cha tano na sita. Waraka Na. 3 wa 2016 umegawa majukumu, mzazi ana sare, madaftari, chakula na kadhalika, na mwanzoni mwa 2018 Rais Magufuli alikataza kabisa mtoto kurudishwa nyumbani sababu ya mchango. Bado utakuta mtoto hajaleta hela ya mtihani wa wiki, kaambiwa arudi nayo, na haji tena mpaka mama auze kuku. Kaa na mwalimu mkuu, mweleze hela inadaiwa kwa mzazi kupitia kamati ya shule na serikali ya kijiji, mtoto yeye abaki darasani.

Chakula ndicho kinachobadilisha mahudhurio haraka kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona. Uji tu wa saa nne. Shule yenye uji na isiyo na uji kwenye kata moja utaziona tofauti kwenye rejista ndani ya wiki chache, hasa darasa la awali mpaka la tatu, na hasa miezi ya njaa Januari mpaka Machi. Njia rahisi ni kukusanya mahindi wakati wa mavuno, debe moja moja, wakati kila mtu anayo, kuyahifadhi vizuri kwenye mifuko ya kuzuia wadudu, na kupanga zamu ya wazazi kupika. Ukingoja kuomba Februari hutapata hata kilo. Kuhusu familia ambayo haina hilo debe, kamati ikubaliane mapema kwamba mtoto wao anakunywa uji kama wengine, mzazi atalipa kwa kuchota maji au kuni. Ukiruhusu mtoto mmoja atengwe kwenye mstari wa uji umemfukuza shule mwenyewe.

Mabinti wanaokosa siku nne tano kila mwezi, tarehe zinazofanana, hapo hakuna haja ya kuuliza, inatakiwa chumba chenye mlango unaofungwa, maji, mahali pa kutupia taka, taulo za akiba kwa mwalimu wa kike. Ruzuku ya shule, ambayo kwa msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, haitoshi mambo mengi, ila kitasa na ndoo haviishindi.

Umbali na mito ya masika siwezi kuumaliza hapa, ni ujenzi. Shule shikizi, ile ndogo ya madarasa ya chini inayojengwa karibu na watoto chini ya shule mama, imeokoa vitongoji vingi, pelekeni hoja WDC mkiwa na idadi ya watoto wa darasa la awali na la kwanza wanaovuka mto, majina kabisa.

Sheria itumike lini

Kuna mambo hayana mazungumzo. Mwanafunzi kupewa mimba au kuozwa, hiyo timu haisuluhishi, haipokei ng'ombe wala haikai kikao na wazee wa pande mbili. Sheria ya Elimu kwa marekebisho ya 2016 inasema miaka 30 jela, na inamgusa pia anayesaidia ndoa hiyo ifanyike. Siku hiyohiyo inakwenda dawati la jinsia na watoto polisi na kwa afisa ustawi, na namba ya 116 ya msaada kwa mtoto ni bure, ibandikeni kila darasa. Mjue kwamba familia zinaweza kupatana kimyakimya na binti akapelekwa kwa shangazi mkoa mwingine kabla hajatoa ushahidi, kwa hiyo kasi ndiyo kila kitu. Ajira hatarishi ya mtoto, duarani (ndani ya shimo la kuchimbia) machimboni au kwenye mtumbwi usiku, vilevile.

Kwa utoro wa kawaida sheria iwe ngazi ya mwisho: mmeshaenda nyumbani, mmeondoa kikwazo kilicho upande wenu, mzazi ana uwezo na ameamua tu. Hapo barua ya wito ya mtendaji, maelezo yaandikwe, ahadi yenye tarehe isainiwe, ikivunjwa iende mbele kisheria. Faini ambayo haina risiti msiiguse hata kidogo. Kata ikishajulikana kwamba utoro ni mradi wa watu kula, timu yenu imekwisha. Kama kaya iko kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, mahudhurio ya asilimia 80 yamekuwa mojawapo ya masharti, lakini kabla ya kaya kukatwa ruzuku nendeni mkaangalie, mara nyingi unayemkata ni bibi anayelea wajukuu watano.

Waliokaa nje muda mrefu

Mtoto wa miaka 12 aliyeishia darasa la pili ukimrudisha akakae na wa miaka minane atakaa wiki mbili, ataondoka na hatarudi. Huyo ni wa MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, aelekezwe huko kisha aingizwe mfumo wa kawaida akiwa tayari. Vijana wakubwa zaidi kuna IPOSA, mpango wa vijana walio nje ya shule, wanapata kusoma na ufundi pamoja. Mabinti waliojifungua, tangu Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 wana haki ya kurudi shule ya kawaida, na wapo wazazi na hata walimu ambao hadi leo wanasema haiwezekani. Mpe nakala mwalimu mkuu. Halafu mshughulike na kitu halisi kinachomzuia, ambacho ni nani anabaki na mtoto asubuhi na atanyonya saa ngapi. Pia ulizeni anapendelea shule ileile au nyingine, wengi wanaomba nyingine na uhamisho unawezekana.

Na wale wanaoandikwa "kahama" wahakikiwe kwa namba ya PReM, ile namba ya mwanafunzi kwenye mfumo wa kumbukumbu. Mtoto aliyehama kweli uhamisho wake utaonekana kwenye mfumo. Kama miezi imepita na hakuna uhamisho ulioombwa, huyo hajahama, kapotea, jina lake lirudi kwenye daftari.

Timu isife

Mafuta ya pikipiki yatakusumbua kuliko kitu kingine. Gaweni majina kwa vitongoji ili anayekaa kitongoji kimoja, tuseme Nyamikoma, asitumwe ng'ambo ya pili, ziara nyingi zifanyike kwa miguu na mtu anayepita njia hiyo kila siku. Watu wanaojitolea wapewe shukrani hadharani kwenye mkutano wa kijiji, kwa jina, na wazazi ambao watoto wao walirudi wakikubali wasimame waseme. Walimu wa darasa wenye rejista za kweli wasifiwe hata kama asilimia zao ni ndogo, ukimsifu mwenye 98 ya kubuni kila mtu atakuletea 98.

Kila muhula kaeni nusu siku mpitie daftari lote, mhesabu sababu, ngapi ni mifugo, ngapi njaa, ngapi fimbo, ngapi ugonjwa nyumbani. Sababu iliyoongoza ndiyo inakuwa hoja ya WDC muhula unaofuata, moja tu.

Na kwa kuwa sisi watumishi tunahamishwa wakati wowote, mtendaji leo yupo kesho yuko wilaya nyingine, daftari likae ofisi ya kata, kwenye kabati la kufungwa, funguo moja kwa afisa elimu kata na nyingine kwa afisa maendeleo. Anayeondoka akabidhi kwa kupitia majina ambayo bado hayajafungwa, moja baada ya jingine, akiwa na anayepokea, na ikiwezekana waende pamoja kwenye zile nyumba mbili tatu ngumu kabla hajafunga mizigo.